Kutoka Washington Hadi Isiolo: Gharama ya Kutoegemea Upande

Tarehe 31 Agosti 1935, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria mpya mjini Washington. Sheria hiyo ilisema kwamba vita vikizuka baina ya nchi nyingine, Marekani haitaziuzia silaha pande zote mbili, bila kuuliza nani ameanza na nani amevamiwa. Mwezi mmoja na siku chache baadaye, alfajiri ya tarehe 3 Oktoba, majeshi ya Italia ya Benito Mussolini yalivuka mto Mareb kutoka Eritrea na kuingia Ethiopia. Tarehe 5 Oktoba Roosevelt akatangaza kwamba sheria imeanza kufanya kazi.

Nchi mbili zilizoguswa na tangazo hilo hazikuwa sawa hata kidogo. Italia ilikuwa na viwanda vyake vya bunduki, mizinga, malori na ndege, na meli zake zilikuwa zimepita Mfereji wa Suez kwa miezi kadhaa zikishusha askari na shehena katika bandari ya Massawa, Eritrea. Ethiopia haikuwa na kiwanda cha maana cha silaha. Kila risasi iliyozidi akiba yake ililazimika kununuliwa nje. Kuzinyima nchi hizo silaha kwa kipimo kimoja kulikuwa ni kumnyima aliyevamiwa.

Mpaka wa kusini wa Ethiopia unapakana na Kenya. Ukishuka kutoka Moyale utapita Marsabit, utafika Isiolo, utaupanda ubavu wa Mlima Kenya hadi Nanyuki, na ukiendelea utaingia Nyeri. Yaliyoamuliwa Washington yaliteremka kwa njia hiyo. Katika miaka saba iliyofuata, miji ya Mlima Kenya ilipokea wakimbizi, ikawa kambi ya majeshi, ikatoa vijana wake, ikalinda mateka, na ikazika wafu wa vita ambavyo taifa lenye nguvu kuliko yote lilisema si vyake.

Taifa lililochoka na vita

Wamarekani walikuwa na sababu zao, na haki inatutaka tuzisikilize. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia walipoteza askari wapatao 116,000. Rais Woodrow Wilson aliwaahidi kwamba damu hiyo ingezaa dunia yenye amani, akaenda Paris, akarudi na mkataba ulioanzisha Ushirika wa Mataifa. Seneti ikaukataa mkataba huo tarehe 19 Novemba 1919, ikaukataa tena tarehe 19 Machi 1920. Maseneta wengi waliogopa kwamba uanachama ungewalazimisha vijana wa Marekani kwenda kufa katika ugomvi wa Ulaya. Hivyo Ushirika wa Mataifa ulianza kazi Geneva bila nchi ambayo rais wake ndiye aliyeubuni.

Tena haikuwa kweli kwamba Marekani iliipa dunia kisogo. Tarehe 27 Agosti 1928, Waziri wake wa Mambo ya Nje, Frank Kellogg, alitia sahihi mjini Paris mkataba ulioharamisha vita kuwa njia ya kutatua migogoro. Nchi nyingi ziliufuata, Italia na Ethiopia zikiwemo. Kasoro ni kwamba mkataba haukuwa na mlinzi. Hapakuwa na kifungu hata kimoja kilichosema mvunjaji atafanywa nini.

Kisha uchumi ukaanguka. Benki zilifungwa, mamilioni wakakosa kazi, na mwezi Juni 1930 Marekani ikapandisha ushuru wa bidhaa za kigeni kwa kiwango kikubwa. Nchi nyingine zikajibu kwa ushuru wao, biashara ya dunia ikanyauka, na bei za mazao zikaporomoka. Nyeri iliyahisi hayo bila kupelekewa taarifa. Mahindi na maharagwe yaliuzwa kwa bei ya kutupa, huku kodi ya serikali ikibaki pale pale, shilingi 12 zikidaiwa kwa mwanamume aliyekuwa akipata shilingi chache tu kwa mwezi katika mashamba ya walowezi.

Katika hali hiyo, Seneta Gerald Nye wa North Dakota alianza mwaka 1934 kuchunguza faida walizopata watengenezaji silaha na mabenki katika vita vya 1914 hadi 1918. Uchunguzi wake uliwajaza Wamarekani hasira. Wengi waliamini kwamba watoto wao walikufa ili matajiri wapate faida. Sheria ya Agosti 1935 ilitokana na hasira hiyo. Walioiunga mkono hawakuwa wakifikiria Ethiopia. Walikuwa wakifikiria makaburi yao huko Ufaransa.

Huko mlimani pia kulikuwa na waliokuwa na makaburi ya kufikiria, na mengine hayakuwa na alama. Vita hivyohivyo vilichukua wapagazi kutoka Nyeri, Murang'a na Meru kwenda Tanganyika kuyabebea majeshi ya Uingereza mizigo. Wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jamaa zao hawakuwa na bunge la kupitisha sheria kwamba jambo hilo lisirudiwe.

Ombi la Kaizari

Haile Selassie, Kaizari wa Ethiopia, aliiona hatari mapema. Tangu askari wa Italia na wa Ethiopia walipopigana Wal Wal Desemba 1934, alijua kwamba Mussolini anatafuta kisingizio. Tarehe 3 Julai 1935 alimwita mwakilishi wa Marekani mjini Addis Ababa na kuiomba serikali yake itafute njia ya kuifanya Italia iheshimu mkataba wa Kellogg. Ombi hilo lilikuwa na mantiki: Marekani haikuwa mwanachama wa Ushirika wa Mataifa, lakini mkataba huu ulikuwa kazi ya mikono yake. Jibu lilikuwa la adabu na halikuwa na kitu ndani. Washington ilisema haiamini kwamba nchi zilizotia sahihi mkataba huo zingeamua kupigana.

Kaizari akajaribu mlango mwingine. Mwishoni mwa Agosti, Mwingereza Francis Rickett alitangaza kwamba amepewa haki ya kutafuta mafuta na madini katika sehemu kubwa ya Ethiopia kwa miaka 75. Nyuma yake ilikuwapo kampuni ya Marekani, Standard-Vacuum. Hesabu ya Addis Ababa ilikuwa wazi: Wamarekani wakiwa na mali ndani ya nchi, huenda wakasita kuiacha iliwe. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Cordell Hull, aliishinikiza kampuni hiyo, nayo ikajitoa katika muda wa siku chache. Marekani haikutaka hata uzi mmoja wa kuifunga na Ethiopia.

Marekani nyingine

Watu wa Mlima Kenya hawakuijua Marekani ya maseneta. Katika maduka ya Wahindi ya Nyeri na Karatina walijua jora za merikani, ingawa kufikia miaka ya 1930 nyingi zilifumwa Japani, na walijua madebe ya mafuta ya taa, ambayo yakiisha mafuta yalichotea maji na kupimia mahindi. Lakini walikuwapo waliojua zaidi. Mwaka 1921 Harry Thuku aliandika barua kwa Chuo cha Tuskegee kule Alabama, kilichoanzishwa na Booker T. Washington, akiomba msaada wa elimu kwa watu wake. Alikuwa amesikia kwamba wako watu weusi wa Marekani waliojijengea shule yao wenyewe.

Miaka minane baadaye, ugomvi wa tohara ya wasichana ulipowatenga Wakikuyu wengi na misheni, Tumutumu ikiwemo, wazazi walianza kujenga shule zao bila Wazungu. Shule walijenga, lakini kanisa lilihitaji mapadre, na misheni hazikuwa tayari kuwawekea wakfu. Mwishoni mwa mwaka 1935, wiki zilezile ambazo ndege za Italia zilikuwa zikiishambulia Ethiopia, Askofu Mkuu Daniel William Alexander alishuka melini Mombasa kutoka Afrika Kusini, kisha akaenda Gituamba, Murang'a. Huko alifundisha vijana na kuwaweka wakfu, akaondoka mwaka 1937. Kanisa lake, African Orthodox Church, lilianzishwa New York mwaka 1921 na George Alexander McGuire, aliyekuwa kasisi katika chama cha Marcus Garvey, na Alexander mwenyewe alipewa uaskofu mjini Boston mwaka 1927. Mizizi ya makanisa huru yaliyoenea Nyeri, African Independent Pentecostal Church of Africa (AIPCA) likiwemo, imepita katika darasa lile la Gituamba.

Huku serikali ya Marekani ikijifungia, basi, Wamarekani weusi walikuwa wakifungua. Agosti 1935 maelfu yao waliandamana Harlem kuitetea Ethiopia. John Robinson, rubani kutoka Chicago, alikuwa tayari amefika Addis Ababa, akakabidhiwa kikosi kidogo cha ndege za Kaizari. Wengi walitaka kumfuata wakapigane, lakini serikali iliwakumbusha sheria ya mwaka 1818 inayomkataza raia kujiandikisha katika jeshi la nchi nyingine. Mwafrika wa Marekani aliambiwa akae nyumbani kwa sheria ya enzi ambayo babu zake walikuwa watumwa.

London, Jomo Kenyatta aliungana na C. L. R. James, Amy Ashwood Garvey na wengine katika chama cha marafiki wa Uhabeshi, yaani Ethiopia, na mwezi Septemba 1935 aliandika katika jarida la Labour Monthly kutaka Ethiopia iachwe. Alikuwa pia miongoni mwa waliokwenda kumlaki Haile Selassie alipowasili London akiwa mkimbizi mwezi Juni 1936. Mwaka uliofuata Kenyatta alimfundisha Kiswahili msomi mweusi kutoka Marekani, Ralph Bunche, ambaye alifika Kenya na kukaribishwa Kiambu na Chifu Koinange wa Mbiyu. Bunche ndiye aliyekuja kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1950 kwa usuluhishi wake Mashariki ya Kati. Watu hawa hawakuwa na meli wala mizinga. Walichoweza ni kukataa kukaa kimya.

Mafuta yaliendelea kutiririka

Sheria ya Agosti ilizuia silaha tu. Haikugusa mafuta, malori, shaba wala vyuma chakavu, na vita vya Italia vilikuwa vita vya malori na ndege. Kutoka Massawa hadi nyanda za juu, jeshi lililokuwa likijenga barabara huku likisonga mbele lilikunywa petroli usiku na mchana. Katika majira hayo ya mwaka 1935, mauzo ya mafuta ya Marekani kwa Italia na makoloni yake yalipanda kwa kasi.

Roosevelt na Hull hawakupendezwa. Tarehe 15 Novemba Hull alitoa taarifa akisema kwamba biashara ya mafuta, shaba, malori, matrekta na vyuma chakavu kwa ajili ya vita inakwenda kinyume na nia ya sheria, akawasihi wafanyabiashara waache. Wengine walisikia, wengine hawakusikia, na hapakuwa na adhabu kwa asiyesikia.

Siku tatu baadaye Ushirika wa Mataifa ulianza kuiwekea Italia vikwazo, lakini mafuta hayakuwemo. Geneva ilijiuliza kuna faida gani kujinyima soko la mafuta wakati Wamarekani, wasio wanachama, wataendelea kuuza. Washington nayo ilisema haiwezi kutangulia Geneva. Kila mmoja akamfanya mwenzake kisingizio, na kati ya visingizio viwili malori ya Italia yakapita. Mussolini mwenyewe aliona kwamba marufuku ya mafuta ndiyo ambayo ingemkwamisha. Uingereza na Ufaransa zinabeba lawama kubwa zaidi, kwa kuwa zilikuwa wanachama, zilikuwa na wanamaji, na mwezi Desemba mawaziri wao Samuel Hoare na Pierre Laval walikuwa tayari kumkatia Mussolini sehemu kubwa ya Ethiopia. Hata hivyo kutokuwepo kwa Marekani kuliwapa waoga wa Ulaya pa kujificha.

Kuanzia Desemba hiyo ndege za Italia zilimwaga gesi ya haradali juu ya askari na raia. Tarehe 5 Mei 1936 Addis Ababa ilianguka. Tarehe 20 Juni Roosevelt akaondoa marufuku ya silaha, kwa kuwa vita vilihesabiwa kuwa vimekwisha. Siku kumi baadaye Haile Selassie alisimama Geneva na kuwaeleza wajumbe yaliyowapata watu wake. Kwa heshima ya ukweli, lazima isemwe pia kwamba Marekani haikuutambua ushindi wa Italia kamwe, hali Uingereza iliutambua mwaka 1938. Msimamo huo ulikuwa wa heshima. Haukurudisha hata kijiji kimoja.

Wakimbizi Isiolo

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na mwaka 1937 waliolazimika kupisha walianza kuonekana kaskazini mwa Mlima Kenya. Mwezi Februari mwaka huo, baada ya jaribio la kumuua Rodolfo Graziani, mtawala wa Kiitalia, Addis Ababa ilikumbwa na mauaji ya siku tatu. Mwezi huohuo Ras Desta Damtew, aliyeongoza upinzani upande wa kusini, alikamatwa na kuuawa. Mabaki ya jeshi la kusini, familia zao, na askari wa Eritrea waliolitoroka jeshi la Italia walivuka mpaka kuingia Kenya kwa maelfu. Kambi yao ikawekwa Isiolo.

Isiolo ipo pale ambapo mlima unaishia na ukame unaanza. Siku ikiwa safi, aliyesimama huko anakiona kilele cha Batian upande wa kusini, na akigeuka kaskazini anaona miti ya miiba na vumbi mpaka upeo wa macho. Serikali ilipageuza kuwa mahali pa karantini ya mifugo iliyoteremka kutoka Wajir na Marsabit, na Wasomali waliopigania Uingereza katika vita vya kwanza walipewa nafasi ya kuishi hapo. Katika mji huo wa wafugaji na askari wastaafu wakaja watu wa nyanda za juu, wakulima wa tefu, maofisa wa kifalme, makasisi wa Kiorthodoksi, wanawake waliotembea majuma mengi na watoto mgongoni.

Serikali ya Nairobi haikuwaalika na haikujua iwafanye nini. Kuwarudisha kulikuwa kuwapeleka wauawe. Kuwaacha watembee huru kuliwatia hofu walowezi, ambao hawakupenda Wakikuyu na Wameru wazungumze na Waafrika waliopigana na Wazungu kwa mizinga. London nayo ilikuwa ikitafuta maelewano na Roma, na wapiganaji wa Kihabeshi waliotunzwa kwa fedha za Uingereza waliharibu mazungumzo. Kwa hiyo wakimbizi walilishwa, wakatibiwa, wakahesabiwa na kufichwa. Baadaye walihamishwa wakapelekwa Taveta, mbali zaidi na mpaka wa kwao.

Mtu wa Isiolo aliyewauzia maziwa au kuni alikutana na matokeo ya kura za Seneti uso kwa uso. Wengi wa wakimbizi wale walikuwa raia wa nchi mwanachama wa Ushirika wa Mataifa, nchi iliyotia sahihi kila mkataba ulioletwa mbele yake. Walitegemea karatasi hizo kwa kuwa mataifa makubwa yaliwaambia wazitegemee.

Barabara ya kaskazini

Tarehe 10 Juni 1940 Mussolini alitangaza vita dhidi ya Uingereza na Ufaransa. Nyeri ilibadilika siku hiyohiyo. Wamisionari wa Consolata, waliotoka Torino na kufika Tuthu mwaka 1902, waliojenga Mathari na kuendesha shule na hospitali, waligeuka raia wa adui, na wengi wao wakawekwa kizuizini. Waumini waliobatizwa na mapadre hao waliona walinzi wakiwachukua.

Mwezi Julai askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Uingereza, walilazimika kuiacha Moyale. Kwa muda Waitalia walishika mlango wa kaskazini wa Kenya, na Nanyuki na Isiolo zikawa ngome za nyuma ya uwanja wa vita. Malori yalipanda usiku na mchana yakibeba maji, petroli na risasi kuelekea Marsabit na Wajir. Walipita askari wa Afrika Kusini, wa Gold Coast na wa Nigeria, pamoja na vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Mwezi Februari 1941 jeshi la Jenerali Alan Cunningham lilisonga. Kismayu iliangukia mikononi mwake tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25, Harar mwezi Machi, na tarehe 6 Aprili lilikuwa Addis Ababa. Kwa muda usiotimia miezi miwili, majeshi yaliyotoka Kenya yalikuwa yamevuka Somalia na kuipanda Ethiopia. Siku mbili baadaye, jeshi jingine lililotokea Sudan likaiteka Massawa, bandari ileile iliyopokea shehena za uvamizi mwaka 1935.

Hapo ndipo historia ya Washington na historia ya mlimani zilipokutana tena. Bunge la Marekani lilikuwa limelegeza sheria yake mwezi Novemba 1939, likaruhusu silaha ziuzwe kwa anayelipa taslimu na kuchukua mzigo kwa meli yake, lakini meli za Marekani zilikatazwa kuingia maeneo ya vita. Juni 1940, Italia ilipoingia vitani, Bahari ya Shamu ikawekwa katika maeneo hayo. Mwezi Machi 1941 Roosevelt alipata sheria ya kuikopesha Uingereza zana, na jeshi la Uingereza kule Misri lilizihitaji mno, ila meli za Marekani hazikuwa na ruhusa ya kuzifikisha Suez.

Massawa ilipotekwa, Waitalia hawakuwa tena na bandari kubwa katika bahari hiyo. Katika siku chache, mwezi huohuo wa Aprili, Roosevelt alitangaza kwamba Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden si eneo la vita tena. Meli za Marekani zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupanda hadi Suez na shehena zao. Kwa hiyo njia iliyofungwa na sheria iliyoiacha Ethiopia mikono mitupu ilifunguliwa, kwa sehemu kubwa, na Waafrika na Wahindi waliopigana kwa miguu kutoka Kenya na Sudan, pamoja na wazalendo wa Ethiopia ambao hawakuacha kupigana kwa miaka mitano. Vitabu vingi vya kueleza jinsi Marekani ilivyoacha siasa ya kujitenga huanza na Pearl Harbor. Msomaji wa Nanyuki ana haki ya kujua kwamba miezi minane kabla ya Pearl Harbor, ushindi ulioanzia barabara yake uliipa Washington nafasi ya kuingia.

Mateka, makaburi na kabichi

Haile Selassie alirudi Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu ilipoanguka. Mwezi huohuo mwakilishi wa mfalme wa Italia, Amedeo, Duki wa Aosta, alijisalimisha Amba Alagi. Akaletwa Kenya pamoja na makumi ya maelfu ya askari wake. Kambi za mateka zikajengwa Nyeri, Nanyuki, Gilgil, Naivasha na kwingineko. Duki mwenyewe aliwekwa Donyo Sabuk. Malaria na kifua kikuu vilimmaliza tarehe 3 Machi 1942 mjini Nairobi, akapelekwa kuzikwa Nyeri. Mwaka 1952 kanisa la ukumbusho lilikamilika Mathari, na ndani yake yamewekwa mabaki ya zaidi ya mateka 600 wa Kiitalia waliokufa Kenya, Duki akiwa kati yao.

Katika kambi namba 354 ya Nanyuki, mateka mmoja aliyeitwa Felice Benuzzi alikuwa akiutazama mlima kila ulipojitoa mawinguni. Yeye, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walitengeneza vifaa vya kupandia kwa vyuma chakavu, wakaitumia picha ya mlima iliyokuwa kwenye lebo ya mkebe wa nyama kama ramani. Tarehe 24 Januari 1943 walitoroka. Batian iliwashinda, lakini tarehe 6 Februari Benuzzi na Balletto walikifikia kilele cha Lenana na kusimika bendera ya Italia. Kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari yao, wakafungwa, na Benuzzi akaja kuandika kitabu kilichowapa sifa duniani. Ni kisa kizuri, na wageni wengi wanaokuja Nanyuki wanakijua. Wachache wanajua kwamba miaka michache kabla ya kambi hiyo kulikuwa na kambi nyingine kule Isiolo, ya Wahabeshi, ambayo haikupata mwandishi.

Wakulima wa Nyeri nao waliingizwa vitani kwa jembe. Serikali ilijenga Karatina kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya majeshi, ikawahimiza Wakikuyu walime viazi, karoti na kabichi. Walilima, wakauza, wakaonja pesa ya soko la uhakika. Vita vilipokwisha kiwanda kikafungwa, na wakulima waliotaka kukichukua wakiendeshe wenyewe hawakuruhusiwa. Hasira ya Karatina haikusahauliwa upesi.

Vijana walikwenda mbali zaidi. Waruhiu Itote, mzaliwa wa Kaheti, Mukurwe-ini, alijiunga na KAR Januari 1942 akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Sasa Marekani nayo ilikuwa vitani, na vikosi vyake vya askari weusi vilijaa India vikijenga barabara na kupakua meli. Katika mji wa Calcutta, Itote alikutana na mmoja wao, aliyeitwa Stephenson, wakazungumza juu ya hali ya watu weusi na maana ya kupigania uhuru wa wengine. Itote alisimulia mazungumzo hayo katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1967, akiyahesabu kati ya mambo yaliyomfumbua macho. Miaka kadhaa baada ya kurudi nyumbani aliingia msitu wa Mlima Kenya kama mpiganaji wa Mau Mau, akiitwa Jenerali China.

Marekani iliyoacha kujitenga ilikuja na maneno makubwa. Agosti 1941 Roosevelt na Winston Churchill walitangaza katika Mkataba wa Atlantiki haki ya kila taifa kuchagua serikali yake. Kabla mwezi haujaisha tangu hapo, Churchill aliliambia bunge lake kwamba maneno hayo yalihusu hasa nchi za Ulaya zilizotekwa na Hitler. Vijana waliopigana kutoka Mto Juba, Somalia, hadi Burma waliyaelewa kwa namna nyingine, nao walikuwa na haki.

Kukaa kando ni kutenda

Wamarekani wa mwaka 1935 walitaka kitu ambacho kila mzazi anakitaka, mtoto wake asife katika ugomvi wa watu wengine. Siwalaumu kwa hilo. Kosa lao lilikuwa kuamini kwamba mwenye nguvu akikaa kando, uzito wake hauhesabiki. Mafuta yao yalihesabika. Kiti chao kitupu Geneva kilihesabika. Sheria yao iliyokataa kumtofautisha mvamizi na mvamiwa ilichagua upande siku ilipoandikwa, kwa sababu mmoja alikuwa na viwanda na mwingine hana. Na bili ya uamuzi huo ililetwa kwa watu ambao hawakuwahi kupiga kura Marekani wala Kenya.

Swali hilo sasa ni letu. Sudan imo vitani tangu Aprili 2023, mashariki ya Kongo hakujatulia, na serikali za Afrika Mashariki husema mara kwa mara kwamba haziegemei upande. Huenda wakati mwingine hiyo ndiyo busara, maana mpatanishi anahitaji kuaminiwa na pande zote. Lakini historia ya Isiolo na Nyeri inatupa kipimo cha kuwauliza viongozi wetu kila wanapotamka maneno hayo: silaha zinapita bandari na viwanja vya ndege vya nani, mafuta na dhahabu vinauzwa na nani kwa nani, na kati ya wanaopigana, nani ananufaika tukinyamaza? Nchi isiyoweza kujibu maswali hayo haijakaa kando. Imeingia vitani upande wa mwenye nguvu, na inawajibika kwa wanaokufa kama ilivyowajibika Washington mwaka 1935.